SOMO LA VIKUNDI: NYANYA KATIKA CHOMBO, SHAMBA UNALOWEZA KULIBEBA



Somo letu la mara hii linaonekana dogo, lakini lina mambo ndani yake. Tutajifunza kupanda nyanya katika vyombo: debe, mtungi uliopasuka, gunia, karai lililotoboka. Wengine wenu mmeuliza pia habari za stroberi, lile tunda jekundu dogo. Tutalisema karibu na mwisho, na tutasema ukweli wake bila kuficha.

Somo hili limeandikwa kwanza kwa wenzetu wa Longech, pale kwenye ulimi wa mchanga unaoingia Ziwa Turkana, ng'ambo ya Kalokol. Lakini hata ninyi wa Lodwar na Kakuma mtapata yenu humu, kwa sababu jua letu ni moja na shida yetu ya maji ni moja.

Someni pamoja kikundini. Anayejua kusoma awasomee wengine, na mahali pa kujadiliana simameni mjadiliane. Msikimbilie mwisho.

LENGO LA SOMO

Baada ya somo hili kila mwanakikundi aweze:
- kujua kama maji yake yanafaa nyanya au la, kabla ya kutoa hata shilingi moja;
- kujua ni vyombo vingapi nyumba yake inaweza kuvitunza;
- kupanda na kutunza nyanya mpaka ivunwe;
- kutambua dalili za chumvi, joto na wadudu.

1. NIANZE NA KOSA LANGU

Miaka kadhaa iliyopita nilitembelea kikundi cha akina mama kando ya ziwa. Walikuwa kumi na watano. Mimi nilikuwa na diploma yangu, na kilimo cha bustani nilikuwa nimejifunzia nchi ya juu, mahali ambapo mvua inakuja bila kuitwa. Tukakubaliana kupanda nyanya katika madebe. Kila mama alitoa mchango wake. Miche ikaja kwa lori, tukaipanda jioni, kazi nzuri kabisa.

Mama mmoja akauliza, "Mwalimu, maji tutatoa wapi?" Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, maji si hayo hapo mbele yetu?" Nikanyosha mkono kuelekea ziwani. Watu wakacheka, nami nikaenda zangu.

Wiki ya kwanza miche ilisimama vizuri. Wiki ya tatu kingo za majani zilikuwa kama zimepitishwa juu ya moto. Juu ya udongo kukawa na weupe kama unga. Nilipata habari, lakini nilichelewa kufika. Wiki ya tano nilipofika, madebe kumi na moja yalikuwa makavu kabisa.

Akina mama wawili walikuwa wameanza kumwagilia minne iliyobaki kwa maji matamu waliyoyavusha kwa boti. Hapo mama mzee mmoja akasimama mkutanoni akauliza swali moja tu: "Mtoto anakunywa nini wakati nyanya inakunywa?"

Hakuna aliyemjibu. Watatu wakatoka katika kikundi siku ile ile, na mchango wao haukurudi.

Jioni nilimwuliza yule mama aliyeuliza habari ya maji, kwa nini hakunipinga. Akasema, "Sisi tulijua maji haya yana magadi. Tulidhani wewe mwalimu unajua zaidi."

Ndugu zangu, maneno hayo nimeyabeba mpaka leo. Kwa hiyo somo hili halianzi na mbegu wala na debe. Linaanza na maji. Na ukiona mahali ambapo mwalimu anasema jambo, na wewe unajua kwa kuishi kwako kwamba sivyo, inua mkono.

2. KWA NINI CHOMBO, NA SI SHAMBA?

Ziwa Turkana halina mto unaotoka. Mto Omo kutoka Ethiopia ndio unaoleta sehemu kubwa sana ya maji yake, karibu tisa katika kila kumi. Turkwel na Kerio huleta kidogo. Maji yakishaingia ziwani, njia yake ya kutoka ni moja tu: kukauka kwa jua. Maji yanapanda hewani, chumvi na magadi yanabaki chini. Imekuwa hivyo kwa maelfu ya miaka. Ndiyo maana maji ya ziwa yana ladha ile mnayoijua, na ndiyo maana mchanga wa ufukoni nao umejaa chumvi.

Tena ziwa letu halikai mahali pamoja. Wazee wanakumbuka kiwanda cha samaki cha Kalokol kilichojengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980. Haikupita miaka mingi, maji ya ghuba yakarudi nyuma, na mahali palipokuwa pa kuvulia pakawa pakavu. Halafu mwaka 2020 mambo yakageuka: ziwa likapanda, likala ufuko, watu wakahamisha nyumba.

Sasa wewe utalima wapi shamba la kudumu mahali kama hapo? Chombo kinakusaidia kwa mambo manne:

(a) Udongo unauchagua wewe. Hulazimiki kutumia ule wenye chumvi uliopo chini ya miguu yako.
(b) Maji yanaenda penye mzizi tu, hayapotei mchangani.
(c) Mbuzi na kuku unaweza kuwazuia, kwa maana chombo kiko mlangoni pako.
(d) Ukihama, unahama nacho. Ziwa likipanda, unabeba.

Jambo hili si geni katika Turkana. Katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, wakimbizi wengi wamepanda mboga katika magunia yaliyosimamishwa kando ya nyumba, wakitumia maji yaliyokwisha kufanya kazi nyingine. Kama ardhi ndogo na maji ya foleni havikuwazuia wao, sisi nasi tujaribu.

3. MAJI KWANZA

Kanuni ya kwanza ya somo hili ni ya yule mama mzee: mtoto anakunywa kwanza. Maji ambayo mtu angeyanywa hayamwagwi kwenye nyanya. Nyanya inapata maji yaliyokwisha kuosha chakula, na maji ya mvua Mungu akijalia.

Wiki ya kupima. Kabla ya kununua mbegu, kila nyumba ipime kwa siku saba. Chukua kopo la lita moja. Kila unapoosha mchele, maharage, mboga au matunda kwa maji matamu, usimwage. Kusanya ndani ya ndoo, na jioni uhesabu makopo. Maji ya kuosha vyombo pia yanafaa, lakini yale ya suuzo la pili tu. Yale ya kwanza yenye povu na mafuta mwaga mbali, kwa sababu sabuni nayo ina chumvi yake na inaharibu udongo. Maji ya kuoshea samaki aliyetiwa chumvi usiyaguse kabisa.

Mwisho wa wiki jumlisha, ugawe kwa saba. Chombo kimoja cha lita 20 chenye nyanya inayozaa, kwa joto letu, kinataka kama lita 2 kwa siku. Basi:
- Ukipata lita 2 kwa siku: chombo kimoja.
- Ukipata lita 4: vyombo viwili.
- Usipofika lita 2: usipande nyanya peke yako. Ungana na jirani, chombo kimoja nyumba mbili.

Si aibu kuwa na chombo kimoja. Aibu ni kuwa na kumi vilivyokauka.

Kipimo cha maharage. Sasa utajuaje kama maji yako yana chumvi nyingi? Ulimi unadanganya, hasa ulimi uliozoea. Lakini mmea wa maharage haudanganyi, maana ni mwepesi sana kuumia na chumvi. Fanyeni hivi kikundini:

Chukueni makopo matatu madogo, myatoboe chini, mjaze udongo wa aina moja. Pandeni maharage manne katika kila kopo. Kopo la kwanza limwagilieni maji mnayojua kwa hakika kuwa ni matamu. La pili, maji ya kisima au bomba mnayotaka kujaribu. La tatu, maji ya ziwa. Yawekeni mahali pamoja, mmwagilie kiasi sawa. Baada ya wiki tatu mtaona wenyewe. Kopo ambalo maharage hayakuota, au yameota na kingo za majani zimeungua, maji yake msiyape nyanya.

Nyanya ni ngumu kuliko maharage, inavumilia chumvi kidogo. Kwa hiyo maji yaliyofaulu kwa maharage hayatawaangusha kwa nyanya.

Mtu asiseme kipimo hiki ni cha kitoto. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba chini ya ardhi ya Lotikipi, kaskazini mwa Turkana, kuna maji mengi mno, watu wakashangilia. Visima vilipochimbwa na maji kupimwa vizuri, yakaonekana yana chumvi nyingi. Hata wakubwa wanahitaji kupima kabla ya kushangilia.

4. VYOMBO NA UDONGO

Chombo kizuri cha nyanya kinaingia lita 20: debe la mafuta ya kula, mtungi wa plastiki uliokatwa juu, ndoo iliyopasuka, gunia lililokunjwa mpaka magotini. Kidogo kuliko lita 10 usitumie, kitakauka kabla ya saa sita mchana. Chombo kilichokuwa cha dawa ya kuogesha mifugo au dawa ya wadudu usitumie hata ukikiosha mara mia.

Toboa matundu matano au sita chini, ukubwa wa kidole. Hapa wengi wanakosea. Wanasema, "Maji ni shida, nikitoboa si yatapotea?" La. Chombo kisicho na tundu ni kama ziwa letu: maji yanaingia, hayatoki, chumvi inabaki. Tundu ndilo mlango wa chumvi kutokea. Weka kipande cha wavu uliochakaa juu ya matundu ili udongo usitoke.

Bati linashika joto kuchoma mizizi. Lifunge nje kwa gunia au kipande cha mkeka wa mkoma. Usilikalishe chini juu ya mchanga wa chumvi. Liinue juu ya mawe matatu, kama sufuria.

Udongo wa kujaza:
- karai mbili za udongo wa chini ya miti mikubwa au wa kingo za mto, mahali majani yameoza;
- karai moja ya mchanga wa laga (usichukue wa ufuko wa ziwa);
- karai moja ya mbolea ya mbuzi iliyokaa miezi mitatu au zaidi. Iliyonyeshewa ni bora. Mbichi inaunguza mizizi.

Jivu je? Vitabu vingi vinasema tia jivu. Hiyo ni kwa wenzetu wenye udongo mchachu wa nchi za mvua. Udongo na maji ya huku tayari yana magadi. Ukiongeza jivu unaongeza magadi juu ya magadi. Acha jivu.

Vichwa na matumbo ya samaki vinafaa, lakini si kuvitupa juu ya debe, utaita nzi na mbwa wa kijiji kizima. Vifukie shimoni pamoja na nyasi kavu na samadi, funika vizuri kwa udongo, ngoja miezi mitatu. Samaki aliyetiwa chumvi hapana.

5. MBEGU NA MICHE

Kwa anayeanza, chagueni nyanya fupi, kama Cal J au Roma, zinazopatikana katika maduka ya mbegu. Hazipandi juu sana, kwa hiyo upepo wa ziwa hauzivunji upesi. Money Maker ni ndefu, inataka mti mrefu wa kuishikilia. Zile nyanya ndogo ndogo kama zabibu nazo ni nzuri, na kwenye joto kali mara nyingi zinashika matunda kuliko zile kubwa.

Wakati wa kupanda ni neno kubwa. Nyanya haiogopi jua tu, inaogopa joto wakati wa maua. Joto la mchana likipita nyuzi 35, na usiku usipopoa, maua yanaanguka bila kufunga tunda. Huku kwetu nyuzi 35 ni siku ya kawaida. Kwa hiyo sieni mbegu mwezi wa tano, ili maua yaje mwezi wa saba na wa nane, wakati joto linapopungua kidogo. Maua machache yataanguka hata hivyo. Msikate tamaa.

Hatua:
(a) Sia mbegu ndani ya kopo au karai, kina cha sentimita moja, kivulini. Mwagilia kidogo kila siku. Zitaota kati ya siku 5 na 10.
(b) Mche ukiwa na majani manne ya kweli, kama wiki tatu au nne, uhamishe jioni jua likishuka.
(c) Uzike shina mpaka karibu na majani ya kwanza. Nyanya ina tabia nzuri: sehemu ya shina iliyozikwa inatoa mizizi.
(d) Chombo kimoja, mche mmoja. Najua mkono unataka kuweka mitatu. Ukiweka mitatu utavuna wa nusu mmoja.

6. KUTUNZA KILA SIKU

Maji. Mche mdogo lita moja inatosha kwa siku. Ukianza kuzaa, lita mbili: moja asubuhi mapema, moja jioni. Mimina kwenye udongo polepole, usimwagie majani. Usiache siku mbili halafu ukamwaga ndoo nzima. Nyanya inayopewa maji kwa kuruka ruka inaoza kitako.

Blanketi. Funika udongo kwa nyasi kavu au majani ya mkoma yaliyokatwa katwa, unene wa vidole vinne. Maji yatakaa muda mrefu zaidi. Majani ya mathenge msitumie, maana yana kitu kinachozuia mimea mingine kuota.

Kusukuma chumvi. Kila baada ya wiki mbili, siku yenye maji, mimina mara mbili ya kawaida mpaka yatoke chini. Hayo yaliyotoka yamebeba chumvi, usiyarudishe. Mvua ikinyesha, ondoa kila kinachofunika vyombo uviache vioge. Mvua moja nzuri inasafisha chombo kuliko kazi yako ya mwezi.

Kivuli na upepo. Jua la asubuhi ni chakula. Jua la saa sita mpaka saa kumi ni adhabu. Weka vyombo upande wa mashariki wa nyumba, ili mchana nyumba yenyewe iwatilie kivuli, au tandaza juu yake wavu uliochakaa na majani ya mkoma. Upande unaotoka upepo simamisha mkeka. Upepo wa ziwa unakausha majani hata kama udongo una maji.

Maua. Asubuhi maua yakifunguka, shika mti wa kuegemezea uutikise kidogo, kama unavyomwamsha mtoto. Unga wa ua unashuka na tunda linashika. Ni kazi ya nusu dakika.

Kuvuna. Tangu kuhamisha mche mpaka nyanya ya kwanza kuiva ni kama siku 70 hadi 90. Ikianza kugeuka rangi, ichume, itaiva ndani. Ukingoja iwe nyekundu kabisa, ndege atakutangulia.

7. UKIONA HIVI, JUA HIVI

- Kingo za majani kuungua, weupe juu ya udongo: chumvi. Kwangua weupe huo utupe, sukuma chumvi kwa maji matamu, na uchunguze maji yako upya.
- Kitako cha tunda kuwa cheusi na kuoza: maji yasiyo na mpango. Rudi kwenye asubuhi na jioni.
- Maua kuanguka: joto. Ongeza kivuli cha mchana, endelea kutikisa asubuhi.
- Majani kuwa na vidoti vya njano na utando mwembamba chini: utitiri, mdudu wa nchi kavu. Osha upande wa chini wa majani kwa maji matamu jioni, ondoa yaliyoharibika sana.
- Mistari na mabaka meupe ndani ya jani, vitundu kwenye matunda: mdudu wa nyanya anayeitwa Tuta, aliyeingia Kenya mwaka 2014. Chuma majani hayo mapema uyachome moto. Usiyatupe kando ya chombo.
- Mche kukatwa wote usiku: huyo si mdudu, ni mbuzi wa jirani. Dawa yake ni miiba, pamoja na mazungumzo ya heshima na mwenye mbuzi.

8. NA STROBERI JE?

Vijana waliotembelea Nairobi wameona stroberi zikiuzwa barabarani, na wameuliza kwa nini sisi tusipande. Ni swali zuri. Jibu langu ni hili: Longech, Lodwar na Kakuma, msitoe mchango wa kikundi kwa stroberi.

Sababu ni mbili. Kwanza, stroberi inapenda baridi. Inastawi Limuru na sehemu nyingine za juu, penye usiku wa kujifunika blanketi mbili. Pili, katika mimea yote ya bustani, stroberi ni mmoja wa ile inayoumizwa mapema kabisa na chumvi. Maji ambayo nyanya inayavumilia, stroberi inakufa nayo.

Lakini somo hili linafika pia kwa ndugu na jamaa zenu wa Kapenguria, Kitale na milima ya Cherangani. Wao wanaweza. Kwa hao, mambo ni machache: chombo cha lita 5 kinatosha mche mmoja; tumieni udongo wenye mbolea nyingi iliyooza na matundu chini; moyo wa mche, pale majani yanapotokea, usizikwe, ubaki usawa wa udongo; tandazeni nyasi kavu chini ya matunda yasiguse udongo. Mche ukikomaa unatoa kamba inayotambaa yenye mtoto mwisho wake. Mtoto huyo mweke juu ya udongo wa kopo jingine, akishika mizizi kata kamba. Hapo mnapata mche mwingine bila kununua.

Kwetu sisi, mwenye chombo cha ziada apande kunde. Majani yake ni mboga, anavumilia joto, na baada ya wiki chache unaanza kuchuma.

9. HESABU YA KIKUNDI

Tusidanganyane. Debe la nyanya halitajenga nyumba ya mabati. Tuseme mche mmoja, kwa joto letu, unatoa kilo moja. Nyumba yenye vyombo viwili inapata kilo mbili katika msimu mmoja. Kikundi cha watu kumi na watano, vyombo thelathini: kilo thelathini.

Ni kidogo? Nyanya za Lodwar nyingi hutoka Kitale kwa lori, mwendo wa kilomita kama 300, na hadi zifike Kalokol na kuvushwa Longech, nyingine zimepondeka na bei imepanda. Nyanya mbili zilizochumwa mlangoni zinaingia kwenye mchuzi wa samaki siku hiyo hiyo, na mtoto anapata vitamini ambazo ugali na samaki peke yake havimpi. Shilingi ambayo ungenunulia nyanya inabaki kwenye kitambaa chako.

Kwa hiyo kanuni za kikundi ziwe hizi:
- Msikope pesa kwa ajili ya somo hili. Vyombo vitoke kwenye vitu vilivyotupwa. Gharama iwe mbegu tu.
- Pakiti moja ya mbegu inunuliwe na kikundi, miche ilelewe pamoja, kisha igawanywe.
- Anayepata miche ni yule aliyemaliza wiki ya kupima, awe mwenyekiti au mwanachama wa jana.
- Msimu wa kwanza, asiwepo mwenye vyombo zaidi ya viwili.

10. YALIYOTOKEA BAADAYE

Mtapenda kujua kikundi kile kiliishia wapi. Nilirudi, nikaomba msamaha mbele ya wote, pamoja na wale watatu waliotoka. Nikarudisha mchango wao kutoka mfukoni mwangu, kidogo kidogo. Halafu tukaanza tena, safari hii na makopo ya maharage. Wiki ya tatu akina mama waliyashika makopo mikononi, wakayalinganisha, wakaongea wenyewe kwa Kiturkana bila mimi kusema neno.

Waliopima maji ya nyumbani walikuwa tisa. Sita wakaona wanaweza chombo kimoja au viwili. Mama mzee yule alikuwa mmoja wao, na alichukua kimoja tu. Nyanya zake hazikuwa nyingi. Lakini mwaka 2020 ziwa lilipopanda na watu wakaanza kuhama, niliwaona wakivuka. Kila boti ilikuwa na magodoro, sufuria, wavu na watoto. Mama mzee alikuwa ameketi katikati, mtungi wake uliokatwa uko mapajani, na ndani yake mche una matunda matatu ya kijani.

Nikamsalimia kutoka ufukoni, nikamwuliza kama mtoto amekunywa maji. Akaitikia kwamba amekunywa.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kijiji chenu, maji matamu yanatoka wapi, na nani anayabeba? Je, kazi ya nyanya itamwongezea nani mzigo? Mtaupunguzaje?
2. Ni maji gani nyumbani kwenu yanayomwagwa bure kila siku?
3. Wamewahi kuja walimu au mashirika wakawaambia jambo ambalo ninyi mlijua si kweli? Kwa nini mlinyamaza? Safari ijayo mtasemaje?
4. Kama ziwa au laga ikiwalazimisha kuhama kesho, ni mali gani ya kikundi mnaweza kuibeba?

KAZI YA MWEZI HUU

Kila kikundi kiweke makopo matatu ya maharage mahali pa mkutano. Kila nyumba ifanye wiki ya kupima. Andikeni matokeo katika kitabu cha kikundi: jina la nyumba, lita kwa siku, idadi ya vyombo. Msinunue mbegu mpaka hesabu hiyo isomwe mbele ya wote na kukubaliwa.

Tukikutana tena, nitaanza kwa kuuliza kitabu. Habari ya nyanya itafuata baadaye.